Kitenzi cha Kirundi kwa anayejua Kiswahili: twende na "gukora"

MwanaBuyenzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaojifunza Kirundi huku Kiswahili tayari wanakijua. Naona humu watu wanapeana orodha za majina: maji ni amazi, soko ni isoko, mchele ni umuceri. Si vibaya, lakini Kirundi kimekaa kwenye kitenzi. Unaweza kuwa na majina tele kichwani, ukafika mpakani Kobero ukashindwa kusema "sijafika, nitafika kesho", kwa sababu maneno hayo ni vitenzi viwili na jina moja la siku, basi.

Nimechagua kitenzi kimoja, "gukora", yaani kufanya au kufanya kazi. Utakisikia Bujumbura, Gitega, Makamba, kila mahali, asubuhi hadi usiku. Ukikimudu hicho, vingine vingi vinafuata nyuma yake.

Mtu wa Kiswahili ana mtaji mkubwa hapa. Kirundi, kama Kiswahili, kinapanga kitenzi kwa viambishi: mtendaji mbele, wakati katikati, anayetendewa karibu na mzizi, mzizi, halafu irabu ya mwisho. Watendaji ni hawa: n- (mimi), u- (wewe), a- (yeye), tu- (sisi), mu- (ninyi), ba- (wao). Ukiacha n-, mu- na ba-, utadhani ni Kiswahili kilekile.

Sasa hebu tazama hiyo gu- ya "gukora". Kawaida ni ku-: kubona (kuona), kurima, kuvuga (kusema), kugenda. Lakini silabi inayofuata ikianza na sauti kavu kama k, t, p, s, sh, c, f au h, ile k ya mwanzo inalainika kuwa g: gukora, guteka (kupika), gupima, gusoma, gushika (kufika), gufata (kushika), guha (kupa). Wanaisimu wanaiita sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeiona katika Kinyamwezi chetu cha Tabora. Msiipuuze mkidhani ni ya ku- tu. Inagusa pia tu-, ambayo inakuwa du-, na ki-, ambayo inakuwa gi-. Ndiyo maana tunasema "turima" lakini "dukora".

Basi wakati uliopo ni huu:

nkora, ukora, akora, dukora, mukora, bakora

Na pia ni huu:

ndakora, urakora, arakora, turakora, murakora, barakora

Ndiyo, upo wa aina mbili, na tofauti yake ndiyo mlango wa Kirundi chote. Angalieni kwanza "dukora" na "turakora". Katika ya kwanza tu- imekutana na k ikawa du-. Katika ya pili kuna -ra- katikati, na r si sauti kavu, kwa hiyo tu- imebaki kama ilivyo. Na "ndakora" ni n- na -ra-. N ikikutana na r, r inakuwa d.

Nitaeleza hiyo -ra- kwenye bandiko lijalo.

Dereva_Kabanga

Mkuu umenigusa. Mimi ni mtu wa barabara, natoa mzigo Dar bandarini hadi Bujumbura. Nimezoea kusema "ndakora" kila mahali na watu wananielewa, ila huwa wananirudia kwa kunirekebisha. Endelea tafadhali.

MwanaBuyenzi

Kaka, watu wanakuelewa ila unawaachia sentensi ikining'inia. Nisikilize.

Wengi wanafundishwa kwamba -ra- ya Kirundi ni -na- ya Kiswahili. Hapana. Zote mbili, nkora na ndakora, ni wakati huohuo. -ra- inamwambia msikilizaji kwamba habari imeishia kwenye kitenzi. Ikikosekana, inamwambia asubiri, kwa sababu kiini cha habari kinakuja mbele.

Mtu anakuuliza: "Urakora?" Je, unafanya kazi? Unajibu: "Ego, ndakora." Imetosha, hakuna kinachofuata. Sasa akuulize: "Ukora he?" Unafanya kazi wapi? Hapo -ra- imeondoka kwa sababu swali liko kwenye "he". Unajibu: "Nkora ku isoko." Ukijibu "ndakora ku isoko", ni kama umetilia mkazo kwamba kazi unafanya, wakati yeye ameuliza mahali.

Vivyo hivyo "Ukora iki?" Wewe unafanya nini? Neno la kuuliza kama iki, he, ryari (lini), likija baada ya kitenzi, -ra- haiingii. Hilo mlikumbuke daima.

Chukua kitenzi kingine, kudandaza, kufanya biashara. "Ndadandaza": mimi ni mfanyabiashara, nachuuza. "Ndandaza umuceri": nauza mchele, si maharage. Kwenye simu, penye kelele, silabi hiyo moja ndiyo inayomfanya msikilizaji ajue kama umemaliza au unaendelea.

Kuwa na yambwa, yaani kinachotendewa, baada ya kitenzi hakufukuzi -ra- kila mara. Mrundi anaweza kusema "abana bakunda amata", watoto wanapenda maziwa, uzito ukiwa kwenye maziwa. Na anaweza kusema "abana barakunda amata" akitaka kusisitiza kwamba kweli wanayapenda. Ila wewe unayeanza shika njia kuu: kitenzi kikiwa cha mwisho, weka -ra-, kikifuatwa na kile hasa unachotaka kumwambia mtu, iondoe.

BintiMishamo

Asante kaka. Mimi nimekulia Mishamo, makazi ya wakimbizi, bibi zetu na babu zetu walikuja 1972 kutoka Burundi. Kirundi nakisikia nyumbani tangu utotoni lakini naongea cha kubahatisha, shuleni na mtaani kote ni Kiswahili. Nimepata uraia na nyumbani ni hapa, lakini natamani kuongea na bibi yangu kwa lugha yake sawasawa. Swali langu: "urakoze", asante, si inatokana na gukora? Mbona mwisho ni -koze?

MwanaBuyenzi

Dada, ndiyo hasa. "Urakoze" ni u-ra-koze, umefanya. Kwa watu wengi au kwa heshima ni "murakoze". Bibi yako anapokushukuru anaambisha gukora kikamilifu, pamoja na -ra-, kwa kuwa sentensi imeishia hapo.

Ila hiyo -koze ndiyo sehemu inayohitaji jasho. Kiswahili kinaonyesha jambo lililokamilika kwa kiambishi cha kati, -me-. Kirundi kinaliweka mwishoni, kwa -ye. Hii ni mali ya zamani ya lugha za Kibantu: Wanyamwezi na Wasukuma wanayo kwa sura ya -ile, na Kiswahili chenyewe kilikuwa nayo. Mtu aliyesoma mashairi ya zamani ya Lamu na Pate atakumbuka "mbwene", nimeona. Mrundi leo hii anasema "mbonye".

Tatizo ni kwamba -ye ikigusa konsonanti ya mwisho ya mzizi, konsonanti hiyo inageuka. Msikariri kila kitenzi peke yake, sikilizeni sauti inavyogeuka.

Mizizi ya m na n haisumbui: kurima, -rimye, gusoma, -somye, kubona, -bonye.

Ya g, na mara nyingi ya r, inakwenda z: gukora, -koze, kugura (kununua), -guze, kuvuga, -vuze. Ya nd inakwenda nz: gukunda, -kunze. Ya k inakwenda ts: guteka, -tetse, kwandika, -anditse, gushika, -shitse. Ndiyo hiyo ts mnayoisikia kila asubuhi kwenye "mwaramutse", kutoka kuramuka.

Ya b inakwenda vy, na hii ni alama ya Kirundi: gusaba (kuomba), -savye; kuraba (kutazama), -ravye. Mnyarwanda angesema -sabye. Mkisikia vy, mko Burundi.

Vingi vyenye -ara mwishoni vina njia yao: kurwara (kuugua), -rwaye, kwambara (kuvaa), -ambaye, gusigara (kubaki), -sigaye. Hapo r haiwi z, inameng'enyuka tu.

Na vifupi ni vya kuzoea mdomoni: kurya (kula), -riye, kunywa, -nyoye, guha, -haye, gupfa, -pfuye, kuza (kuja), -je. Kugenda nacho hakifuati njia ya gukunda, kinatumia -giye. Ndiyo maana mgeni anaponyanyuka kuaga anasema "ndagiye", naondoka, akitumia umbo la jambo lililokwisha ingawa bado amesimama mlangoni.

Mwalimu_Kasulu

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Muha, nafundisha Kasulu. Nathibitisha kwamba mtu wa Kiha akisoma hapa hapotei, Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana na kwa mazungumzo ya kawaida tunaelewana. Hata Wahangaza wa Ngara ni hivyohivyo. Lakini nataka mwandishi azungumzie wakati uliopita, maana hapo ndipo wageni wanakwama hata wakiwa na vitabu.

MwanaBuyenzi

Mwalimu, heshima kwako.

Kuna lililotokea sasa hivi, na kuna lililopita. La sasa hivi ni "ndakoze", au "nkoze" ikiwa kuna kinachofuata. Lililopita linaingiza -a- baada ya mtendaji, na mtendaji anabadilika sura: na-, wa-, ya-, twa-, mwa-, ba-. Kwa hiyo:

narakoze, warakoze, yarakoze, twarakoze, mwarakoze, barakoze

Na mbele ya kitu kingine:

nakoze, wakoze, yakoze, twakoze, mwakoze, bakoze

"Warakoze?" Ulifanya kazi? "Ego, narakoze." "Wakoze he?" "Nakoze i Gitega." Mnaona -ra- inavyofanya kazi yake ileile katika wakati uliopita. Hii ndiyo sababu nasema -ra- si alama ya wakati. Alama ya wakati hapo ni -a- na -ye. Tena angalieni "urakoze" na "warakoze": ya kwanza ni shukrani ya jambo la sasa, ya pili inarudi nyuma.

Kwenye nafsi ya wao, maandishi yanachanganya, maana "barakoze" ya sasa hivi na "barakoze" ya iliyopita zinaandikwa sawa. Katika kutamka, ya iliyopita inavutwa, baa-, lakini Kirundi cha kawaida hakiandiki urefu wa irabu wala toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti.

Na toni ndiyo inayotenganisha leo na jana. Mtu akisema "yarakoze" akiishusha sauti kwenye ya-, kazi hiyo ameifanya leo. Akiipandisha sauti palepale kwenye ya-, ni jana au zamani. Herufi ni zilezile, hakuna kilichoongezwa. Mbelgiji A. E. Meeussen, aliyechapisha sarufi ya Kirundi huko Tervuren mwaka 1959, alizipanga nyakati hizi kwa toni zake, na hadi leo wanaisimu wanalitaja jina lake wanapozungumzia toni za lugha za Kibantu. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, ndiyo maana sikio letu linapitiliza. Dada BintiMishamo, wewe uliyekua unasikia una faida kubwa hapa kuliko yeyote mwenye kitabu. Mwombe bibi akusimulie alichofanya leo asubuhi, halafu akusimulie alichofanya alipokuwa msichana, usikilize mwanzo wa vitenzi tu.

BintiMishamo

Nimekuelewa. Tena nimepata jibu la jambo lililokuwa likinisumbua, bibi anasema "ejo" akimaanisha jana, halafu anasema "ejo" tena akimaanisha kesho. Nilidhani ni umri.

MwanaBuyenzi

Hapana, bibi yuko sawa kabisa. "Ejo" ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote. Kitenzi ndicho kinachosema ni upande gani. "Narakoze ejo", jana. "Nzokora ejo", kesho. Anayetaka kutenganisha bila kitenzi anasema "ejo haheze" kwa jana, na "ejo hazoza" kwa siku zijazo.

Na hapo tumeingia wakati ujao, ambao ni mwepesi kuliko zote. Ni -zo-:

nzokora, uzokora, azokora, tuzokora, muzokora, bazokora

Hakuna -ra- ya kuingia na kutoka, umbo ni hilo hilo kitu kikifuata au kisifuate.

KalamuYaRusizi

Ndugu mwandishi, mimi niko Uvira, ng'ambo ya mpaka. Huku kuna watu wanasema Kirundi na Kinyarwanda ni lugha moja, kwa hiyo mtu akijifunza kimoja amemaliza. Binafsi naona ni kweli kwa asilimia kubwa. Unasemaje?

MwanaBuyenzi

Wanaelewana, hilo halina ubishi. Lakini anayejifunza aanze na kimoja, tena hasa kwenye vitenzi. Mrundi anasema "nzokora", Mnyarwanda "nzakora". Mrundi "yasavye", Mnyarwanda "yasabye". Mrundi anaandika "cane" (sana), Mnyarwanda "cyane". Na kwa jambo linaloendelea dakika hii hii, Mnyarwanda anaweza kusema "ndi gukora". Mrundi anasema "ndiko ndakora".

Hili la mwisho nilifafanue maana ni la matumizi ya kila siku. Kirundi kinaweka vitenzi viwili vyenye mtendaji mmoja: ndiko ndakora, uriko urakora, ariko arakora, turiko turakora, muriko murakora, bariko barakora. Ukimpigia mtu simu unamwuliza "Uriko ukora iki?", na tazama -ra- imeondoka kwa sababu ya "iki". Kama ni jana, sema "nariko ndakora", nilikuwa nafanya kazi. Muangalie tu kwamba "ariko" pia ni "lakini". "Ariko arakora" inaweza kuwa "anafanya kazi sasa" au "lakini anafanya kazi", na mazungumzo ndiyo yanayoamua.

Kuna kingine ambacho wajifunzaji wengi wa Kinyarwanda hawakitambui wakikisikia Bujumbura. Ni -o- ya "ningefanya" au "naweza kufanya": nokora, wokora, yokora, twokora, mwokora, bokora. Mtu aliyezidiwa na jambo anakuuliza "Nokora iki?" Nifanyeje?

Dereva_Kabanga

Mkuu, na kukataa? Mimi mpakani nakataa mambo mengi kuliko ninayokubali.

MwanaBuyenzi

Kukataa kuna ndugu zake katika Kiswahili. Mimi ni si-, kama kwetu. Wengine wote ni nti-:

sinkora, ntukora, ntakora, ntidukora, ntimukora, ntibakora

-ra- imeondoka yote. "Urakora?" "Oya, sinkora." Haijalishi kwamba sentensi imeishia hapo.

Ujao: sinzokora, ntuzokora, ntazokora, ntituzokora, ntimuzokora, ntibazokora. Uliopita: sinakoze, ntiwakoze, ntiyakoze, ntitwakoze, ntimwakoze, ntibakoze. Hata mashine inakataa kwa njia hiyohiyo: "imashini ntikora", mashine haifanyi kazi.

Sasa, wakuu, shikeni hili. Katika kukataa, -ra- ikionekana, maana yake ni "bado". "Sindakora": sijafanya. "Ntarakora": hajafanya. "Ntaraza": hajaja. Yaani -ra- ileile iliyokuwa ya kufunga habari, ukiitia ndani ya kukataa inakuwa -ja- ya Kiswahili. Mtu akidhani ni wakati uliopo atasikia "hafanyi kazi" wakati ameambiwa "bado hajafanya", na kwenye biashara hayo ni mambo mawili mbalimbali: mmoja hatafanya, mwingine anakuja.

Kinyume chake nacho kipo. "Ndacakora", bado nafanya, sijaacha. "Singikora", sifanyi tena. Hiyo -gi- ni -ki- iliyokutana na k ya -kora, sheria ya Dahl imeingia tena. Wale wanaouliza kama mzee fulani yu hai husikia jibu "aracariho", bado yupo.

Na kwenye vishazi vya "ambaye" kukataa ni -ta-, ambayo mbele ya sauti kavu inakuwa -da-. "Umuntu adakora", mtu asiyefanya kazi; "abadakora", wasiofanya kazi; "kudakora", kutofanya kazi. Lakini "kutabona", kutoona, kwa sababu b haiilainishi t.

Mwalimu_Kasulu

Ongezea na yambwa, mwandishi. Wanafunzi wangu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakiandika Kiswahili, naona kila mara wanataka kuweka yambwa mbili ndani ya kitenzi kimoja.

MwanaBuyenzi

Mwalimu, hawafanyi uzembe, wanafuata lugha yao ya nyumbani. Yambwa ya Kirundi inakaa palepale inapokaa ya Kiswahili, mbele ya mzizi: "ndamukorera", namfanyia, "arankorera", ananifanyia, "ndagukorera", nakufanyia, ambapo -ku- imekuwa -gu-, "aradukorera", anatufanyia, -tu- ikiwa -du-. Hiyo -er- ni kauli ya kutendea, ile -i- ya "fanyia".

Kiswahili kinakubali yambwa moja tu. Kirundi kinakubali zaidi ya moja, zikifuatana: "ndabikubwira", nakuambia hilo, ambapo -bi- ni jambo na -ku- ni wewe. "Nzobigukorera", nitakufanyia hilo. Neno moja, kiima, wakati, jambo, mtu, mzizi, kutendea, vyote vimo. Mtoto aliyezoea kusema hivyo nyumbani anafika darasani anaandika kitenzi cha Kiswahili chenye yambwa mbili, mwalimu anachora mstari mwekundu bila kujua kisa chake. Wakielezwa tofauti hii mara moja kwa upole, wengi wanaishika.

Amri ni nyepesi: "kora!", fanya; wengi "nimukore!" Na ile -e ya "nifanye" ipo vilevile: nkore, ukore, akore, dukore, mukore, bakore. "Reka dukore", hebu tufanye kazi. Kukataza: "ntukore", usifanye.

Na n- ya mimi ina tabia ambayo mtu wa Kiswahili ataifurahia. Mbele ya b inakuwa m: "mbona", naona. Mbele ya v pia: "mvuga". Mbele ya r inaigeuza kuwa d: kurima, "ndima". Na mbele ya h, ile h inarudi kuwa p: guha ni kupa, lakini nipe maji ni "mpa amazi".

Vitenzi viwili visivyo vya kawaida ambavyo hamtakwepa: -ri, kuwa, yaani ndi, uri, ari, turi, muri, bari; na -fise, kuwa na kitu, yaani mfise, ufise, afise, dufise, mufise, bafise. Hivi havihitaji maelezo marefu, semeni kila siku tu.

Dereva_Kabanga

Basi wakuu nijaribu. Kesho nina mzigo, niko mpakani Kobero, kuna foleni, na mwenye ghala yuko Gitega anataka kujua nimefika wapi. Nataka kumwandikia: habari za asubuhi, niko Kobero, bado sijafika Gitega, nitafika kesho asubuhi, nikifika nitakupigia. Nimeandika hivi: "Bwakeye. Ndi i Kobero. Sindashika i Gitega. Nzoshika ejo mu gatondo." Hiyo ya kupiga simu imenishinda.

MwanaBuyenzi

Kaka, ulivyoandika ni sahihi, mtumie. "Sindashika" umeiweka mahali pake, na "ejo" hapo haitamchanganya kwa sababu -zo- imeshasema ni kesho. Ya simu usiitafutie neno geni, sema tu utamwambia: "Nzokubwira." Hapo -ku- haikugeuka kuwa -gu-, kwa sababu bw si sauti kavu. Ukishusha mzigo getini kwake, usiandike "nashitse", maana atasubiri umwambie umefika wapi. Andika "ndashitse", atakuja kufungua.

BintiMishamo

Kaka, na kama bibi akiniuliza nimekula, na sijala?

MwanaBuyenzi

"Sindarya." Na ukishakula: "ndariye". Akikuuliza umekula nini, yeye atasema "wariye iki?", nawe jibu "nariye umuceri", bila -ra-. Akishusha sauti kwenye wa-, anauliza chakula cha leo.